Mbwa wangu alimwaga manyoya, mtaa ukataka kuninyoa mimi

Wakuu, hamjambo humu. Leo naandika kirefu, mwenye haraka apite tu, hatutagombana. Sikuongeza chumvi. Nilipokosea nitasema, na walipokosea wengine nitasema pia. Majina nimebadilisha kwa sababu mtaa huo bado naishi.

Mimi ni fundi wa majokofu na AC hapa Mtwara, kwetu Masasi. Nimepanga vyumba viwili Rahaleo, uani kwa mama mmoja mjane, nitamwita Bi Somoe. Swala tano, mkono mwepesi wa kutoa. Akipika mihogo ya nazi lazima sahani moja ije kwangu.

Mwaka juzi mzungu mmoja niliyekuwa namtengenezea AC alimaliza mkataba wake. Akaniachia mbwa. Mkubwa, manyoya marefu meupe mpaka macho huyaoni vizuri. Jina alishampa mwenyewe, Pamba.

Bi Somoe alikubali kwa masharti mawili. Mbwa asivuke mstari wa matofali unaogawa uani, na manyoya yake yasifike kwake. Kwa wasiojua, kwa Waislamu wa pwani hii mbwa ni najisi. Akikugusa na umajimaji unaosha mara saba, mara moja kwa udongo. Sikuona ubaya, nyumba ni yake.

Sharti la kwanza lilikuwa rahisi. La pili ndilo lililonitoa jasho.

Wakuu, mbwa wa nchi ya baridi umlete kwenye joto la Mtwara, anamwaga manyoya hatari. Kwenye ugali manyoya, kwenye boksi la spana manyoya. Nilifungua jokofu la mteja kule Ufukoni, nikakuta unyoya nimeuleta mimi. Bi Somoe naye akaanza kuokota mojamoja kwenye ungo wa mchele. Haongei, ananionyesha tu, halafu anaenda kunawa, na ile sahani ya mihogo ikakoma.

Nikataka kumnyoa kipara, yaishe. Daktari wa mifugo akanizuia. Akaniambia mbwa wa namna hii ana tabaka mbili za manyoya, ya juu marefu yanamkinga na jua, ya chini laini ndiyo yanayopukutika. Ukimnyoa unamuunguza ngozi, na manyoya hayapungui, yatapukutika mafupi tu. Dawa ni kumuosha, kumkausha vizuri, kumchana kila siku kwa brashi ya waya inayofika chini, na kumpa samaki wa kuchemsha bila chumvi.

Nikafuata. Jumapili namuosha, kila asubuhi namchana. Yalitoka mafungu kwa mafungu, meupe, laini, yananukia sabuni. Kwa kuogopa upepo nikawa nayasindilia kwenye kiroba, nafunga kamba, naweka stoo, nikijaza nikayachome mbali. Stoo hiyo tunatumia wawili, mimi na Bi Somoe, naye ana viroba vyake humo. Sikumwambia mtu. Nilijiona mjanja.

Baada ya wiki mbili uani pakawa pasafi, kiroba kikajaa, nikakiacha stoo kwanza nikaanza kingine chumbani. Bi Somoe akarudisha sahani ya mihogo. Nikajua nimeshinda.

Ndipo akaja Zuhura.

Huyu ni binti yake wa pekee, ameolewa Mikindani. Mimba yake ilikuwa ya miezi sita. Mbili za kabla ya hiyo ziliharibika, kwa hiyo akaja kuilea kwa mama yake mpaka ajifungue. Chumba chake kilikuwa upande wa pili wa nyumba, dirisha linatazama barabarani. Pamba hajawahi kufika huko, wala upepo wa uani haufiki.

Siku kama ya kumi Bi Somoe alikuja mlangoni kwangu na unyoya mweupe kwenye karatasi.

"Fundi, huu nimeutoa kwenye ulimi wa mwanangu. Kaamka nao."

Nikasema labda umeshikwa na nguo. Kesho yake ilikuwa miwili. Keshokutwa ulikuwa kwenye kope. Tukafunga dirisha, wakafua shuka, wakatandika upya. Ukaja mwingine. Bi Somoe akaacha kunionyesha, na mihogo ikakoma tena.

Halafu nikaanza kumwona Pamba.

Hapa Mtwara saa saba mchana mtaa unanyamaza kabisa, jua limesimama utosini, hata kuku wamejificha. Saa hiyo ndiyo Zuhura alikuwa analala. Na saa hiyo Pamba alikuwa anainuka kivulini mwenyewe, anaenda mpaka kwenye mstari wa matofali, anakaa, anaukazia macho ukuta wa nyumba kubwa. Habweki. Mkia unasogea polepole, vile anavyoutikisa akinisikia nimefika getini.

Kisha anashusha kichwa chini taratibu, kama mtu anayekiweka pembeni ya mwenzake, anafumba macho. Zuhura akiamka, naye anaamka.

Nilimwangalia siku nne mfululizo. Mimi ni fundi, naamini kila kelele ina chanzo chake. Lakini ile haikuwa kelele, na nywele za mikono zilinisimama jua likiwaka.

Siku ya tano Zuhura alinikuta bombani. Akanisalimia, akasimama kidogo.

"Kaka, mbwa wako anahema na mluzi?"

Nikamwambia ndiyo, pua moja imeziba kidogo, akilala inapiga mluzi.

"Kila mchana analala na mie. Nasikia mluzi huo kwenye sikio hili." Akagusa sikio la kushoto. "Nikigeuka hamna kitu. Mtoto tumboni anatulia tuli mpaka niamke."

Alisema bila hasira, na ndiyo maana niliogopa.

Nikaenda stoo moja kwa moja nichome yale manyoya, yaishe. Kiroba hakipo. Nikapekua nyuma ya jembe, nyuma ya mabati, hakuna. Nani anaiba manyoya ya mbwa? Wakuu, kwa mara ya kwanza maishani nikawaza mambo ambayo huwa nawacheka watu wakiyasimulia.

Jioni Hamisi, jirani yangu wa bodaboda, akaniita pembeni.

"Fundi, hama. Hapo unapokaa alikaa Mama Hadija, muuza vitumbua. Mimba za Zuhura ziliharibika mara mbili, wakasema ni yeye. Wakanleta ntaalamu, wakannyoa kichwa hadharani, akaondoka na kanga moja. Sasa wanasema wewe una mbwa unantuma."

Mtu akinyolewa hapa kwetu maana yake mtaa umemthibitisha mchawi. Nani atakupa kazi ya jokofu baada ya hapo? Hakuna atakayekuruhusu uingie hata jikoni kwake. Polisi nao nikawaeleze nini, kwamba natuhumiwa kwa manyoya? Nikasema sihami, nikihama nimekubali.

Kikao kiliitwa Alhamisi baada ya Alasiri, palepale uani. Mtaalamu katoka ng'ambo ya Ruvuma, kijana tu, amevaa kanzu safi, ana bakuli la maji na wembe mpya. Watu kama thelathini. Wengine nimewatengenezea friji zao.

Akaagiza vitu vya Zuhura vitolewe nje. Godoro, shuka, mto. Vikapangwa kwenye mkeka.

Pamba nilikuwa nimemfunga kamba nyuma ya choo. Sijui aliikataje. Alikuja mwendo wa taratibu kabisa, watu wakampisha, akavuka mstari wa matofali ambao hajawahi kuuvuka mwaka mzima. Akaenda mpaka kwenye mto. Akaunusa, akalala chini, akaweka kichwa chake juu ya mto, akafumba macho.

Ule mluzi wa pua tukausikia wote.

Zuhura alikaa chini pale aliposimama. Mtaalamu mwenyewe alirudi nyuma hatua mbili, nilimwona. Wakamswaga mbwa kwa fimbo, halafu yule kijana akachana mto kwa wembe. Yakamwagika manyoya meupe tele, yananukia sabuni yangu.

"Lahaula," mtu mmoja akasema. Watu wawili wakanishika mabega, wakanikalisha. Mmoja alikuwa Hamisi.

Sasa sikilizeni. Ule mto ulikuwa umeshonwa kwa kanga kuukuu ya zambarau. Kanga hiyo niliiona ikianikwa kwenye kamba mwaka mzima. Nikainua macho kumtazama Bi Somoe, nikakuta naye ananitazama. Nikajua, naye akajua kwamba nimejua.

Ningesema? Mtuhumiwa amtaje mama mwenye binti, mbele ya mtaa wake, kwamba kamlaza mwanawe kwenye najisi? Nani angeniamini? Niliogopa wakuu, sioni aibu kusema. Maji ya bakuli yakamwagwa kichwani, yakaingia masikioni, nikahisi wembe juu ya paji.

"Nwache."

Ilikuwa sauti ndogo. Mtaalamu akauliza nani kasema.

"Nwacheni ntu wa watu. Nto huo nimeshona mie."

Bi Somoe akasimama akaeleza yote, huku kajishika kifua. Alikuwa na kiroba cha sufi ya mti wake wa shamba, ya kujazia mito, kakiweka stoo. Zuhura alipokuja akataka kumshonea mto mpya ili alale vizuri. Akachukua kiroba akidhani ndicho, akaona sufi ya safari hii laini ajabu, akamshukuru Mungu. Juzi ndiyo alikuta kiroba chake cha sufi kipo palepale, bado kimefungwa.

"Juzi nimejua. Nimenyamaza siku mbili. Niliona haya, nikasema bora fundi aondoke tu, kwao si mbali."

Walionishika wakaniachia polepole. Zuhura akauliza, bado amekaa chini.

"Mama, na Mama Hadija alinyolewa kwa nto gani?"

Wakuu, nimesikia compressor ya jokofu ikipasuka karibu na uso wangu, lakini swali hilo ndilo lililonishtua zaidi. Watu wakaanza kuondoka mmojammoja wakitazama chini. Mtaalamu akafunga wembe wake kwenye kitambaa, akaondoka bila kuaga.

Bi Somoe alimwosha mwanawe kichwa mara saba palepale bombani, ile ya kwanza kwa udongo. Analia, anaosha. Nilishika ndoo.

Zuhura alijifungua salama mwezi wake wa tisa, mtoto wa kike. Mtoto alipotimiza siku arobaini Bi Somoe akaja kwangu na buibui lake.

"Fundi, nipeleke kule kijijini Ziwani. Nasikia yuko huko."

Nikampakia kwenye pikipiki. Tulimkuta Mama Hadija amekaa nje ya nyumba ya udongo, anamenya mihogo, kichwa kimefungwa kitambaa kwa kukaza. Alitukaribisha kwa mkono, akaendelea kumenya. Bi Somoe alikaa chini kabisa, mchangani, akasema kila kitu. Mto, manyoya, zile mimba mbili, kanga moja. Akaomba radhi mara tatu.

Mama Hadija alimsikiliza mpaka mwisho. Hakulia, hakutukana.

"Nimesikia, Somoe," akasema. "Sasa nipisheni, nianike mihogo jua halijaondoka."

Tukarudi. Njia nzima nilisikia mikono ya Bi Somoe imeshika koti langu kwa nguvu.

Somo la mbwa ni fupi. Mwenye mbwa wa manyoya marefu asimnyoe, amchane kila siku mpaka chini, na manyoya akiyatoa ayafukie siku hiyohiyo au ayachome. Usiweke akiba. Na waambie majirani unachofanya, ujanja wa kimyakimya ndio ulioniponza.

Kuhusu Pamba kukaa kwenye ule ukuta, nadhani alinusa manyoya yake mwenyewe. Kanusaje kupitia tofali, sijui. Na ule mluzi kwenye sikio la Zuhura sina maelezo nao mpaka leo. Mwenye nayo aniambie.

Ila kinachoninyima raha si mbwa. Mimi niliokolewa kwa sababu kiroba cha sufi kilikutwa. Mama Hadija hakuwa na kiroba. Siku ile waliokuwa wamekaa uani walikuwa walewale waliomtazama yeye akinyolewa, na tunaendelea kusalimiana vizuri tu.

Kama umewahi kukaa kwenye kikao cha namna hii ukanyamaza, andika hapa, hatutakuuliza jina. Karibuni mchangie. Hamisi, nawe changia, najua upo humu.