Viungo Vinne Nilivyovipitisha

Aliyenifundisha kukagua nyuzi za chuma ndiye aliyeniomba nifumbe macho.

Karakana yetu ya Sultan Hamud ilichonga viungo vya mipira ya kupitishia mafuta, ile inayoipa jeki ya lori la tipa nguvu ya kuinua bodi. Mzee huyo alikata nyuzi, ile mikato ya kuzunguka kama ya skrubu, kwenye leti, mashine ya kuchongea chuma. Mimi nilikaa kwenye meza ya dirishani nikivikagua kimoja kimoja. Geji yangu ya kupimia ilikuwa kijichuma chenye nyuzi pande zote mbili. Upande mmoja lazima uzame ndani ya kiungo mpaka mwisho. Upande wa pili ukizama, kiungo kimelegea, kitupwe. Yeye mwenyewe alinifundisha hivyo nilipotoka chuo cha ufundi, akiniita mwiitu wakwa, binti yangu, na kuniletea machungwa ya shambani kwake.

Macho yake yalipoanza kufifia, geji iliniambia kabla yeye hajasema. Wiki ile viungo vinne vilikataa. Upande usiotakiwa kuingia uliingia, tena ukakaa umeinama, maana nyuzi zenyewe zilikatwa mshazari. Nikavitenga kwenye kopo la takataka. Akaja akasimama kando yangu.

"Vingapi?"

"Vinne, Mzee."

"Wiki jana vilikuwa sita. Mdosi akiona tena, ataniondoa." Akapunguza sauti. "Vizungushie tepu. Vitashika."

Tepu haishikilii nyuzi zilizolegea. Hilo nalo nilifundishwa na yeye. Hata hivyo nilivitoa kwenye kopo, nikavizungushia tepu, nikatia sahihi kwamba vimepita.

Kimoja kilifungwa kwenye tipa ya mchanga huko Ikutha. Bodi ikiwa juu, kiungo kilichomoka, mafuta yakaruka, bodi ikashuka. Makanika aliyekuwa akipaka grisi chini yake alisagika mkono wa kulia. Hospitalini waliukata.

Mdosi alituita ofisini, kiungo kikiwa mezani. Mzee hakuniangalia.

"Mimi nakata tu," alisema. "Anayepitisha ni yeye. Sahihi ni yake."

Habari za tepu hakuzitaja. Na hakuwa amesema uongo. Hilo ndilo lililonichoma zaidi.

Nilifutwa siku hiyo hiyo. Yeye alibaki. Tunaabudu katika kanisa moja, na Jumapili hunyoosha mkono kunisalimia, nami humpa wangu kwa sababu watu wanatazama.

Mwezi uliofuata nilienda Ikutha. Nilimkuta yule makanika uani kwake, mkewe akimfunga vifungo vya shati. Nikamwambia mimi ndiye niliyekikagua kile kiungo.

"Ulijua ni kibovu?"

"Nilijua. Lakini kulikuwa na mzee mmoja pale kazini..."

"Sijakuuliza habari za mzee," alisema.

Mkewe alimaliza vifungo, akamkunjia mkono mtupu wa shati, akaupiga pini. Hakuna aliyeniambia niketi. Nilisema pole, nikaona neno lenyewe halina pa kutua, nikarudi barabarani.