Usiguse Chakula cha Watu

Magoti ndiyo yaliyoanza. Tulikuwa tukivuna viazi Mau Narok, shambani kwa mama mkwe, nikachuchumaa na kushindwa kuinuka. Kisha macho yakawa mekundu, mwanga wa jua ukinichoma kama pilipili. Miguuni nikatokwa na vinundu vyekundu vyenye maumivu. Kwamba nilikuwa naharisha damu, sikumwambia mtu. Niliona aibu.

Wifi yangu, dada ya mume wangu, hakuuliza naumwa wapi. Alisema macho hayo ni ya pombe ya chang'aa. Siku moja nikiwapikia akina mama wa kanisa, aliona vile vinundu, akaninyang'anya mwiko mbele yao.

"Usiguse chakula cha watu! Hatujui umetoa wapi hiyo kitu."

Mume wangu alikuwa pale. Aliangalia viatu vyake.

Daktari wa Nakuru alinipima macho, kisha akauliza, "Mama, choo yako ikoje?" Nililia kabla ya kujibu. Waliniingiza kamera tumboni.

"Utumbo una vidonda," akaniambia. "Kinga ya mwili imekugeuka, na haijaishia tumboni. Magoti, macho, ngozi, yote ni ugonjwa mmoja. Na hauambukizi."

Nilimwomba arudie hilo neno la mwisho.

Nyumbani nilimwambia mume wangu pekee. Dada yake nilimwachia ujinga wake, nikameza dawa, nikangoja.

Siku wakwe walipokuja kuleta mahari ya binti wa wifi, mpishi hakutokea. Wifi akaja mlangoni kwangu akihema. "Tafadhali, wageni wameshafika Njoro!"

Nikamwonyesha viganja. "Mikono hii?"

"Si hayo yaliisha?"

"Kwako."

Nilivaa gauni langu jipya nikaketi na wageni. Wali ulikuja mbichi, nyama ngumu kama kamba. Mzee mmoja wa upande wa bwana harusi, aliyewahi kula mukimo wangu wa viazi na mahindi ya kuponda, akauliza kwa nini fundi wa mukimo amekaa tu. Nikasimama, magoti yakiuma, nikasimulia yote, kuanzia mwiko hadi maneno ya daktari. Wifi alitoka nje, hakurudi hadi wageni walipoondoka.

Binti yake alilia, na hakuwa amenikosea. Yeye nilimpelekea leso ya kujifunga na sufuria kubwa. Mama yake sikumpelekea kitu. Hunitumia salamu kupitia mume wangu, nami hujibu kwamba zimefika.