Mlango Uliooshwa Mchana

Usiniambie niliota. Ilikuwa mchana kweupe, jua la utosi, nami nilikuwa macho kabisa na msasa mkononi. Walionisikia nikisimulia kisa hiki barazani hapa Dunda hucheka kwanza, kisha huomba tuzungumze mengine. Nawe cheka ukipenda, lakini nisikilize mpaka mwisho.

Mwingereza alikuwa bado anatawala. Kaka yangu Shomari alinunua gari kuukuu kwa mzungu mmoja wa shamba la mkonge aliyekuwa akirudi kwao. Injini nzima, bodi imeliwa na kutu. Dada yetu Mwanaidi alikuwa anaolewa Lugoba, na Shomari alishaapa mbele za watu kwamba Ijumaa atamfikisha bibi harusi kwa gari lake mwenyewe, likiwa na rangi mpya ya kijani. Kazi ya rangi akanipa mimi, fundi wa kupaka nyumba. Nyumba na gari si mamoja, lakini nani angethubutu kumwambia Shomari kwamba hawezi?

Basi nikafungua milango, boneti na madigadi, nikavipanga uani kwangu. Kukwangua kutu kwa msasa kunataka maji mengi, na chini mchangani haiwezekani, maana kila ukimwaga maji mchanga unarukia chuma na kunata. Nilitaka meza yenye matundu. Na meza hiyo, Mola anisamehe, nilikuwa nayo. Msikiti ulikuwa umeniletea kitanda cha kuoshea maiti nikikaze miguu, maana useremala kidogo naujua. Kimo cha kiuno, mbao zimeachana, maji yanapita. Nikasema moyoni, nani atajua?

Mke wangu aliniona kabla hajatoka kwenda shamba. "Baba Mwajuma, hicho ni cha watu wenye msiba," akaniambia. Nikamfokea aangalie jembe lake. Ndivyo nilivyokuwa enzi hizo, mwepesi wa kufoka.

Nikaulaza mlango wa dereva juu ya kitanda, nikaanza kusugua. Adhuhuri haijaadhiniwa, mzee mmoja akaingia uani. Kanzu nyeupe, mkononi kata ya maji na kipande cha bafta mpya, kitambaa cha sanda. Sikumjua. Nikamwamkia, "Shikamoo, mzee." Hakuitikia. Aliutazama ule mlango pale kitandani, akauliza kwa upole:

"Marehemu ni nani?"

Nikadhani ananitania, na kwenye utani mimi siachwi nyuma. Nikajitia huzuni usoni. "Ni kaka yangu Shomari, mzee. Ijumaa tunamtoa."

"Ijumaa," akasema. "Basi nitakuja kumchukua."

Akakunja mikono ya kanzu, akaanza kazi. Niamini, nimehudhuria misiba mingi, najua mtu anaoshwa vipi. Alianza upande wa kulia, akimimina maji pole pole na kufuta kwa kiganja, akarudia mara tatu, huku akinong'ona maneno nisiyoyasikia. Kicheko kikanikauka. Pipa langu la maji lilishuka mpaka nusu, lakini mchanga chini ya kitanda ulibaki mkavu. Maji yale yalikwenda wapi? Alipomaliza akaufunika mlango kwa ile bafta, akapita nyuma ya jiko. Nyuma ya jiko hakuna njia, ni ukuta mtupu. Nikamfuata mbio, na hapakuwa na mtu.

Milango mingine nilipaka, ikakauka vizuri. Ule wa dereva haukukubali. Kila nikipitisha brashi rangi inateleza na kudondoka, chuma kinabaki kimelowa, kinanukia karafuu maiti. Niliuanika juani siku tatu na bado ulikuwa majimaji.

Nikakirudisha kitanda msikitini, nikamwendea Shomari nikamweleza yote. Alicheka mpaka akashika mbavu.

"Mdogo wangu, kazi imekushinda, sema imekushinda. Usinizulie kifo."

Nililia mbele yake, mtu mzima na ndevu zangu. Akauchukua mlango akaufunga garini vile vile bila rangi.

Usiku wa kuamkia Ijumaa sikupata hata lepe la usingizi. Naingia, natoka, nakaa, nasimama. Ningemwachaje aondoke, nami ndiye niliyemtaja kwa ulimi wangu mwenyewe? Kulipopambazuka nikachukua patasi na nyundo, nikaenda uani kwa Shomari, nikaitoboa rejeta ya gari lisiweze kusafiri.

Shomari alinikuta nyundo ingali mkononi. Hakunipiga. Heri angenipiga. Mwanaidi alipelekwa Lugoba juu ya lori la mkaa, na hina yake na mavazi yake, huku wakwe wakisubiri gari waliloahidiwa. Aibu ile mji mzima uliijua.

Baada ya sala ya Ijumaa nilirudi peke yangu uani kwa Shomari, lilipokuwa gari. Yule mzee alikuwa amesimama kando yake, kata mkononi, anachungulia kiti cha dereva. Akanigeukia.

"Umemweka wapi?"

Nikarudi nyuma hatua moja. Akaugusa ule mlango kwa kiganja, na maji yote yakakauka mbele ya macho yangu. Nilipopepesa hakuwepo.

Gari Shomari aliliuza vipande vipande. Yeye mwenyewe yuko hai, ana wajukuu, nyumba yake inapakana na yangu, na tangu siku ile hajaitikia salamu yangu hata mara moja. Nikikaa karibu naye msikitini anahama safu. Inaniuma, sitaficha. Na jua likisimama utosini siwezi kutulia. Nasimama mlangoni kwangu nikitazama nani anapita kuelekea kwake, maana aliyeniuliza nimemweka wapi hakuniambia kwamba ameacha kumtafuta.

Basi nawe, kitu cha maiti usikifanyie kazi za walio hai, hata kikikufaa namna gani. Na mtu usiyemjua akikuuliza marehemu ni nani, ung'ate ulimi wako kabla hujamtaja nduguyo. Mimi nilimtaja wangu nikicheka. Anadhani nilimwonea wivu wa gari, wala hajui kwamba kila adhuhuri niko hapa mlangoni kwa ajili yake.