Mkoba Ambao Mukarugwiza Hataki Kuushona

Saa mbili asubuhi, mvua ikinyesha Nengo, mjini Gisenyi, Mukarugwiza analaza bunduki ya mbao juu ya turubai na kuizungushia chaki. Msomaji, usishtuke. Huyu ni fundi cherehani, na mbao hiyo, aliyochongewa na seremala, ndiyo kipimo chake. Bunduki za kweli hubaki nje pamoja na wenyewe.

"Mi sitaki ile kitu iingie ndani," anasema. "Mutu anielezee tu iko namna gani."

Mjane huyu hushona ala za kukinga silaha za wanajeshi na mvua ya milima hii. Mwanzoni alizoea bunduki ndefu. Kisha ikaja fupi, mdogo wake Kalashnikov, ikamtia aibu: ala ya kwanza ilirudi imeungua mdomoni.

Aliyemfumbua macho ni Sebagabo, sajini aliyekulia Tanzania, mteja wake wa siku nyingi. Leo yuko barazani, anasubiri mvua ikatike.

"Mama Ingabire, Warusi waliitoa mwishoni mwa miaka ya sabini kwa ajili ya madereva wa magari ya vita na marubani," anasema. "Watu wanaokaa pasipo nafasi. Mtutu ukakatwa karibu nusu, kitako kikawa cha kukunjwa ubavuni. Sasa mtutu ukiwa mfupi, moto mwingi hutokea nje. Ndiyo maana wakaivika kikopo kinene mdomoni, na hicho kikiwa bado cha moto ndicho kilichounguza turubai lako."

Tangu hapo mdomoni mwa ala huweka ngozi ya mikoba chakavu.

Wiki iliyopita alikuja mtu asiye na sare, kashika kitambaa kizuri. Alitaka mkoba wa kawaida wa nguo, wenye mfuko wa ndani wa kutosha ile fupi. Malipo aliyotaja yangenunua cherehani ya pili, ambayo Ingabire, bintiye aliyemaliza kujifunza ushonaji, anaisubiri. Mukarugwiza aliomba muda, kitambaa kikabaki kwake.

"Nilitamani, siwezi kukudanganya," anasema.

Mumewe, Ndayisaba, alikuwa kondakta wa basi dogo la kwenda Mahoko. Mwaka 1997, mchana, wanaume waliovaa makoti walilisimamisha njiani, huko Kanama. Dereva, aliyenusurika, alimwambia Mukarugwiza kwamba hakuona silaha yoyote mikononi mwao mpaka walipofyatua.

"Ile ndefu, mutu anaionaka mbali, anakimbia. Hii fupi, unaiona ikishafika." Anaweka chaki chini. "Bwana yangu aliwafungulia mulango. Akawaambia karibuni."

Mvua inakatika, na mwenye kitambaa anatokea mlangoni.

"Mama, mkoba wangu iko tayari?"

"Hapana. Chukua kitambaa yako." Anamsogezea. "Donc, basi, ukitaka ala, nitakushonea. Ile yenye umbo yake, kila mutu aone umebeba nini. Mkoba, sishoni."

Mtu yule anachukua kitambaa chake na kuondoka bila kuaga. Sebagabo anamtazama mpaka anapokata kona. Ndani, Ingabire ameacha kukunja nguo, na mama yake hamtazami usoni.

Alipoulizwa ana tumaini gani, Mukarugwiza hakutaja cherehani. Aliokota chaki yake kwanza.

"Siku moja mutu aje aseme, 'Mama, nishonee mkoba,'" akasema. "Na mi nishone tu, bila kumuuliza ni wa kubeba nini."