Miguu Yangu na Mama Mukwe

Leo miguu yangu imekimbia bila kuniuliza!

Tangu nianguke toka juu ya muchikichi, iko kama magogo. Munganga muzungu alisema mifupa yote ni mizima, lakini mimi sisikii kitu.

Kila asubuhi infirmye, muuguzi wa Bula Matari, serikali ya Wabeleji, ananitembeza kati ya mianzi miwili. Ninavuta muguu, jasho linatoka, ninaanguka.

Leo kuinua kichwa: mama mukwe huyu hapa, ametoka kijijini kwake Wamaza na kuku mukononi!

Na kwetu mutu haonani na mukwe wake uso kwa uso.

Nilijikuta nimekimbia mpaka nyuma ya nyumba ya jiko!

Halafu miguu ikafa tena. Nikakaa chini, nikacheka mpaka machozi.

Infirmye hakucheka. Akamugeukia mama mukwe kwa heshima:

"Mama, na kesho utakuja?"

Ndugu zangu, nipone ao nihame?