Mkwe Aliyekula Nyuma ya Tangi

Watu wakisikia "profesa" hudhani ni mtu anayekaa na vitabu. Mimi miaka ile ya tisini nilikaa na funguo. Nilikuwa nimepanda kutoka mhadhiri hadi mkuu wa kitivo, na kila cheo kipya kiliniongezea funguo za vyumba na kamati za kubishana kuhusu viti. Kwa hiyo nilipoombwa kuanzisha mafunzo ya mahakimu walio kazini, wiki moja kila muhula, mjini Homa Bay, nilikubali kabla sijamaliza kuisoma barua. Kwetu ni huko. Nilitaka kufundisha tena, na nisifiche, nilitaka watu wa kwetu wanione nikiwafundisha mahakimu.

Kumbe kufundisha mahakimu hakumfai mtu mwenye hasira za karibu, na zangu hukaa mlangoni. Hakimu amezoea kuuliza, hajazoea kuulizwa. Nikiuliza swali, darasa zima lilinyamaza hadi mkubwa wao aseme kwanza. Huyu alikuwa mzee mmoja aliyesikiliza kesi za wizi wa ng'ombe upande wa Migori mpaka nywele zikaisha kichwani. Akishasema, wote walikubaliana naye. Niliwapa insha ya kuandika, wakaniomba tarehe nyingine. Mmoja nilimuuliza swali la papo kwa papo, akaniambia kwa upole kwamba atatoa jibu lake baada ya chakula cha mchana.

Ili kupata cheti, mtu alihitaji alama arobaini katika insha, kisha akae nami ana kwa ana nimhoji; aliyepungukiwa alama mbili tatu aliweza kuzifidia hapo. Kanuni hiyo ya kuhojiana niliitunga mwenyewe, na niliipenda kama kitinda mimba wangu.

Miongoni mwao alikuwepo hakimu kijana, mrefu, aliyefanya kazi upande wa Isebania. Bado alikuwa katika muda wa majaribio, na bila cheti changu hangethibitishwa kazini. Jumatatu nilimpa mkono kumsalimia. Akauficha wake nyuma ya mgongo, akainama, akavisalimia viatu vyangu. Darasani alikaa kiti cha mwisho, uso dirishani. Saa ya chakula alichukua sahani yake akaenda kula nyuma ya tangi la maji, peke yake.

Mpishi alidhani ni Msabato anayekwepa kamongo wa siku hiyo, kwa kuwa Wasabato hawali samaki asiyeonyesha magamba. Kesho yake akampikia ngege, samaki mwenye magamba yake, tena mkubwa kuliko wa wenzake. Kijana alishukuru sana, akambeba ngege wake hadi nyuma ya tangi.

Mimi nilikuwa na maelezo yangu. Huyu, nilijiambia, hajawahi kufundishwa na mwanamke, basi wiki hii atafundishwa. Nikaanza kumrushia maswali magumu kama mtu anayefukuza kuku jikoni.

Jumanne jioni karani wa mafunzo, mtu wa Rangwe asiyepitwa na habari ya mtu yeyote, alinivuta kando.

"Prof, huyo kijana unamgombeza bure. Si ni mkwe wako? Si ndiye alileta ng'ombe kwa dada yako Disemba?"

Nikakumbuka. Siku ya ng'ombe hao nilikuwa kwenye mkutano Nairobi, nikatuma sukari na salamu. Kwetu Wajaluo mtoto wa dada yangu ni mtoto wangu, kwa hiyo mimi nilikuwa maro, mama mkwe. Na kijana aliyelelewa vizuri hampi maro mkono, hali chakula mbele yake, wala hamkazii macho. Kumbe hakuwa akinidharau. Alikuwa ameniheshimu zaidi kwa siku mbili kuliko chuo kizima kilivyoniheshimu kwa miaka.

Hapo ingetosha niseme neno moja tu. Nilikuwa nimekuja na mhadhiri mwenzangu wa sheria. Ningempa insha ya yule kijana na kumwachia amhoji. Lakini nilijiona mtu wa kisasa. Hapa ni darasani, nikasema, mila zisubiri nje. Tena niliogopa midomo ya watu: watasema profesa kambeba mkwe mgongoni. Basi nikaichukua insha yake nikaisoma mara tatu nikitafuta makosa, na mtafuta hakosi. Nilimkata alama kwa mwandiko. Nilimkata kwa pambizo. Nilimpa thelathini na nane, nikalala usingizi wa mtu mwenye haki.

Jumatano, bila aibu hata kidogo, nilifundisha somo la hakimu kujitoa katika kesi ya jamaa yake. Nilifundisha vizuri sana. Hata mchoro nilichora ubaoni.

Alhamisi ilikuwa siku ya mahojiano. Viti viwili, goti kwa goti. Kijana aliingia akakaa upande, akaanza kulijibu pazia. Majibu yake yalikuwa mazuri, na hilo liliniudhi zaidi.

"Niangalie ninapokuuliza!" nikafoka.

Akasimama.

"Mama, siwezi," akasema, akatoka.

Nikaandika: hakuhojiwa. Maana yake hakuna cheti, na labda hakuna kazi, na harusi ya binti yetu ilikuwa imebaki miezi miwili.

Ijumaa asubuhi nilipoingia nikitarajia kukuta darasa tayari kwa kufunga mafunzo, nilikuta meza yangu imesogezwa. Nyuma yake walikaa mahakimu watatu, yule mzee katikati. Mbele kulikuwa na kiti kimoja kitupu.

"Prof, kaa hapo, please," mzee akasema. "Kuna ombi mbele yetu."

Nilikaa. Nilidhani ni mchezo wa kuniaga, nikacheka. Hakuna mwingine aliyecheka.

"Unamjua yule hakimu kijana wa Isebania?"

"Ni mwanafunzi wangu."

"Na zaidi ya hapo?"

Nikajikuta nami nikiliangalia dirisha.

"Ni mkwe wangu," nikasema.

Mzee akafungua maandishi ya somo la Jumatano, maandishi yangu mwenyewe, akasoma aya nzima polepole, na mchoro akauinua watu wauone. Kisha akatoa uamuzi.

"Mwalimu hakumpendelea mkwe wake. Alimwonea ili asionekane anampendelea. Hiyo ni shati ileile, ameivaa ndani nje tu. Ajitoe."

Nilijitoa. Mwenzangu aliisahihisha insha upya akampa sitini na moja, na mzee mwenyewe akamhoji kijana wakiwa wamekaa ubavu kwa ubavu. Alifaulu kabla chai haijapoa. Nilikuwa nimeongoza kamati za nidhamu, nimewahi kuwafukuza watu chuoni, na siku hiyo niliona aibu ambayo sikuwahi kumfanya mtu yeyote aione.

Mchana, magari yakipakiwa, nilimkuta kijana amesimama kando ya barabara. Nilisimama hatua chache kutoka kwake, sote tukiangalia lami, ili desturi isivunjike mara ya pili.

"Nilikuonea," nikaiambia barabara. "Ulifanya vizuri kupeleka lile ombi."

"Mimi sikupeleka, Mama. Ni mzee na wenzake. Walinishauri nikushtaki, nikakataa."

"Ulikataa? Si ungepoteza kazi?"

"Kazi ningetafuta ingine," akasema. "Nyumba ya mama wa bibi yangu ningeenda kutafuta wapi ingine?"

Nilimgeuzia mgongo haraka nikajifanya natafuta kitu mkobani, maana maro halii mbele ya mkwe wake.