Haraka ya Shamsa

Jamani, leo nimesomeshwa historia ya Marekani pasi ikiwa mkononi.

Shamsa, binti wa nyumba ninayofanya kazi hapa Nizwa, Oman, amepewa kazi chuoni. Kwenye simu amepata tovuti ya bure yenye sauti za wazee Weusi wa Marekani, wanasimulia walivyodai haki zao.

Kiswahili chake amekiokota kwa bibi yake, nusu Kiarabu.

"Dada Mwanaidi, njoo sikia haraka ya watu weusi."

Haraka ya kwenda wapi? nikamuuliza.

Kumbe kwa Kiarabu haraka ndiyo harakati. (Chekeni nyie, mie nimechoka hata kucheka.)

Akaweka sauti ya bibi mmoja aliyekuwa mfanyakazi wa ndani. Mabasi yaliwabagua, wakayasusa, naye akaenda kazini kwa miguu zaidi ya mwaka. Shamsa anasimamisha, ananitafsiria, machozi yanamlengalenga.

Nikamuuliza, "Sasa akifika na miguu imevimba, kazi alikuwa anafanya nani?"

Akarudisha nyuma, akasikiliza tena.

"Hajasema."

Wenzangu wa majumbani, jibu mnalo.

Shamsa akanishika bega, akasema, "Maskini, walichoka sana." Mie nikajua leo nitaambiwa nikae nipumzike.

Akatazama saa.

"Dada, abaya yangu tayari? Nna haraka."

Haraka hiyo nimeielewa bila kutafsiriwa.